Mikono ya Ngalula

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa saba, baridi ya Kolwezi imetushika kwenye uwanja wa stesheni, sisi na masanduku yetu. Tulikuwa tumefukuzwa. Mimi nilizaliwa pale, na baba yangu alichimba shaba pale pale, lakini tuliambiwa kwetu ni Kasai, walikotoka babu zetu, turudi huko. Wiki ya tatu hiyo tulikuwa tukilala chini, tukingoja treni isiyo na siku wala saa.

Mwanangu, wakati ule mimi nilikuwa na jina. Nilikuwa mkandaji wa timu ya mpira ya mgodini. Mchezaji akikazwa na msuli, naitwa mimi. Bao likiingia, moyoni nilijipa nusu yake. Mke wangu, Ngalula, aliniomba mara nyingi nimfundishe. Nilimcheka, nikamwambia kazi hii si ya kila mtu. Ulikuwa ujinga, na siupambi.

Asubuhi hiyo mama mkwe alishindwa kusimama. Baridi ilikuwa imemkaza magoti. Mabehewa ya treni zilizotangulia yalikuwa ya mizigo, sakafu yake juu, watu walipanda kwa kusukumana, na asiyeweza kupanda aliachwa. Wote wakanitazama mimi. Lakini kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe wake, hata mkono hampi. Mikono yangu iliyosifiwa mji mzima nikaificha kwapani.

Mama mkwe akasema, uso ameugeuzia ukuta wa stesheni kama heshima inavyotaka: "Mukwe, miaka yote ile ulikuwa unamufichia nani ile kazi? Mutoto wangu hana mikono?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikamwomba Ngalula atundike kitenge kati yangu na mama yake, kisha akae ukingoni, mahali anapotuona sote wawili. Nikapasha mafuta ya mawese juu ya babula, lile jiko letu la makaa, nikakunja suruali na kuanza kukanda mguu wangu mwenyewe ili anifuatishe.

"Anzia ku kisigino, panda polepole," nikamwambia. "Usikandamize mufupa."

"Ni vile?"

"Mi sione. Uliza mama."

"Ni vile," sauti ya mama mkwe ikajibu nyuma ya kitenge. "Endelea, mama."

Tulifanya hivyo siku nne, asubuhi na jioni. Siku ya tano treni ikaja, watu wakaanza kupigana vikumbo. Mama mkwe akasimama. Akapanda kwa miguu yake, Ngalula akimshika kiuno, na kutoka juu akapaza sauti: "Ambia bwana yako, nimepanda!" Nimeona makombe katika maisha yangu, mwanangu, lakini sijawahi kujivuna kama siku ile, na mikono haikuwa yangu.

Basi baridi ikianza, usingoje mzee alalamike. Pasha mafuta, pasha na viganja vyako, anza kumkanda miguuni, panda taratibu mpaka mwili ulegee na usingizi uje. Mguu uliovimba na wenye moto usiuguse, mpeleke hospitali. Na chochote unachokijua, kifundishe nyumbani kwako kabla hakijahitajika. Mungu akujalie viganja vyenye joto, na siku miguu yako itakapokataa, akukute na mtu uliyemfundisha.