Meli Iliyozima Ishara

Kompyuta ililia mlio mfupi, ule niliouweka mwenyewe unijulishe meli ikitoweka kwenye ramani ya mlango wa bahari. Nilikuwa chumbani kwangu Kawangware, nikiandaa utabiri wa meli za mizigo zitakazothubutu kupita pale huku vita vikinyemelea. Iliyotoweka ilikuwa meli anayofanyia kazi kaka yangu, baharia.

Nilijua vyema kwamba manahodha huzima ishara inayoonyesha meli ilipo wanapohofia kushambuliwa. Tasnifu yangu ina sura nzima kuhusu jambo hilo. Hata hivyo asubuhi yote nilikokotoa uwezekano wa yeye kuwa salama, nikibadilisha dhana moja baada ya nyingine, badala ya kumpigia. Niliogopa simu isiyopokelewa, kwa kuwa hiyo nisingeweza kuirekebisha kama hesabu.

Mama, anayeuza sukuma wiki mtaani Silanga, akanipigia. "Umeongea na ndugu yako?"

"Bado, Mum. Napiga hesabu."

"Hesabu gani? Yeye ana simu, wewe una simu!"

Nikapiga. Iliita kwa muda mrefu.

"Niaje, profesa," kaka alisema, mdomo umejaa chakula. "Tumeshavuka. Wewe ulikuwa umetabiri nini?"

"Kwamba mngegeuka kabla ya kuvuka," nilimjibu, nikicheka na kulia, na sikutamani hata kidogo kuwa sahihi.