Sukari ya Wawili

Mpangaji wangu anasomea unesi. Kila jioni hukaa barazani na hesabu zake za kuchanganya maji na chumvi. Akikwama hutafuna kifuniko cha kalamu, ananong'ona, "Chumvi ni ileile, maji ndiyo yameongezeka." Akipata jibu hupiga meza kofi, vikombe vikaruka. Jana nilimpa chai yangu aonje. Tangu mke wangu atangulie mbele ya haki napika kikombe kimoja, ila mkono bado unatia sukari ya wawili. Akakunja uso.

"Babu, hii chai au asali?"

"Basi nitapunguza sukari."

Akaitazama sufuria kama anavyotazama hesabu zake. "Usiipunguze. Ongeza maji na majani, kikombe cha pili nitakunywa mimi."

Leo nimebandika maji ya vikombe viwili.