Mfalme Aliyeambiwa Akae Chini

Siku hizi vijana wa chuo hapa Kindu wananiita mtaalamu wa tamthilia za Uskoti. Sijafika Uskoti. Safari yangu ndefu kuliko zote iliishia Lokandu, mkoa wetu huuhuu, nikarudi na malaria. Utaalamu wangu wote ulitoka katika kitabu kimoja cha Kifaransa kisicho na jalada, nilichokipata wakati wa vita, treni ilipokuwa haiji na shule niliyofundisha imefungwa. Kilieleza jinsi waandishi wa Uskoti wa siku hizi wanavyochukua michezo ya Wagiriki wa kale na kuitia vinywani mwa watu wao, mfalme akagombana na mpwawe kama watu wanavyogombana jikoni huko kwao.

Nikasema, kumbe! Nami nitafanya hivyohivyo. Nilichagua mchezo ule wa msichana anayetaka kumzika kaka yake na mfalme anakataza. Bahari nikaifanya mto wetu Lualaba, mvinyo nikaufanya lutuku, pombe yetu kali. Lakini kuhusu vinywa vya watu wetu, hapo niliachana na Waskoti. Mfalme aseme kama mama anayeuza majani ya sombe sokoni? Thubutu! Nilimwandikia Kiswahili cha kutetemesha ukuta, "Ewe binti uliyejaa inda na inadi," na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kuyatamka hayo bila kucheka, ufalme nikajipa mwenyewe.

Msichana alichezwa na dada yangu. Hapa lazima niseme mambo ya nyumbani. Kaka yetu mkubwa alikwenda machimboni, mahali paitwapo Kama, kutafuta dhahabu, na miezi michache kabla ya mchezo mtu aliyetoka huko alikuja kutuambia kwamba amekufa, wamemzika kando ya njia. Dada alitaka tufanye kilio kama watu wote, tutandike mikeka, majirani waje wakae nasi. Mama alikataa. Hajaona maiti, alisema, na atakayelia ndani ya nyumba yake ndiye atakayekuwa amemuua mwanawe. Dada akawa anazunguka na machozi yake, hana pa kuyatua. Nami, bingwa wa kugeuza michezo ya kale, nilikula nao meza moja kila siku, kisha nikatoka mbio kutafuta manyoya ya kasuku ya kofia yangu ya kifalme. Haikunipitia akilini kwamba mchezo ulikuwa tayari unachezwa kwetu.

Siku yenyewe, mchana, ukumbi wa parokia ulijaa. Mama alikaa mbele. Jukwaani nilikuwa nimetandika mikeka halisi, ya kuazima kwa majirani, ili watazamaji waamini. Sasa nani katika mji huu anatandika mikeka, anamwacha mwanamke alie juu yake, halafu anategemea watu wabaki kwenye viti? Dada alipoanza kulia, aliruka mistari yangu yote.

"Kaka yangu, nani alikuosha? Nani alikufunika? Siye tuko hapa tunakula!"

Mwanamke mmoja wa safu ya nyuma akavua viatu, akapanda, akakaa naye. Akafuata mwingine, na mwingine, wakanyoosha miguu kama desturi inavyotaka. Walikuja kukaa na mfiwa, basi.

Niliingia kwa hasira ya kifalme nikatangaza amri yangu. Hakuna aliyeniangalia. Nikairudia kwa sauti kubwa zaidi, kidole juu, nikidhani labda hawakusikia. Ndipo mama alipoinuka kwenye kiti chake na kupanda jukwaani.

"Mama," nikanong'ona, "hii njo muchezo tu."

"Minajua njo muchezo. Lakini mikeka imekwisha tandikwa. Weye mufalme, kaa chini. Kwa kilio hatusimamake."

Nikakaa. Nikavua kofia ya manyoya, nikamwona mama akijishusha polepole katikati ya wanawake, akanyoosha miguu, akamvuta dada hadi kifuani. Halafu akaweka mikono juu ya kichwa, na sote tukamsikia.

"Mutoto wangu amekufa," alisema. "Amekufia Kama, na miye nilikatalia dada yake asimulilie."