Goti la babu chini ya gunia la pamba

Saa mbili asubuhi, mwanahistoria amesimama katikati ya sebule yake analisomea kabati. Mkono mmoja umeshika karatasi, mwingine kikombe cha chai iliyokwisha kupoa. Akifika mahali ulimi unapokwama, anaikata sentensi kwa kalamu nyekundu na kuanza upya.

"Nikijikwaa mimi niliyeiandika, mzee wa miaka themanini ataielewaje?" anauliza. Kabati, kama kawaida yake, halijibu.

Wanafunzi wake chuoni humwita Mama Pamba, kwa kuwa huu ni mwaka wa kumi na moja hana mazungumzo mengine. Anaandika kitabu kuhusu biashara ya pamba wakati wa ukoloni: nani alilima, nani alinunua, nani alipunjwa njiani. Ameomba fedha za utafiti mara mbili, akanyimwa mara mbili. Nauli za kuwafuata wazee zilitoka kwenye gari lake, ambalo siku hizi linaendeshwa na mtu mwingine.

Ana sharti moja ambalo wenzake wanaliona la kupoteza muda. Hakuna sura inayokwenda kwa mchapishaji kabla ya kusomwa mbele ya waliompa habari. Huwakalisha, akawasomea, nao wakamsahihisha mpaka waridhike.

Sharti hilo ndilo lililomponza mwaka jana.

Sura ya tano inamhusu karani wa kituo cha kununulia pamba. Wazee wa familia za wakulima, ambao enzi hizo walikuwa watoto na macho yao yako usawa wa magoti ya watu wazima, walimweleza kitu kilekile kila mmoja kwa wakati wake. Gunia likishaning'inizwa kwenye ndoano ya mizani, karani alilisogelea kama anayesoma kipimo, akaliinua kidogo kwa goti. Kipimo kikashuka, na mkulima akalipwa kwa uzito huo. Karani mwenyewe ni babu yake Mama Pamba, mzaa baba.

Hakulifuta jina. Aliwasomea wakulima kwanza, kama ilivyo desturi yake, akasahau kwamba na karani ana wenyewe. Shangazi yake, binti wa karani huyo, akazipata habari kwenye foleni ya zahanati, midomoni mwa watu baki. Shangazi ndiye aliyemlea Mama Pamba baada ya mama yake kufariki, akamsomesha kwa cherehani. Alipiga simu akasema afute jina la baba yake, la sivyo asikanyage kwake tena. Tangu hapo hawajasemezana.

"Iliniuma, na kosa lilikuwa langu," anasema Mama Pamba. "Yeye ndiye mama niliyebaki naye. Lakini nikimficha babu yangu, nitapata wapi uso wa kuwataja babu za wenzangu?"

Kwa hiyo leo anakwenda kumsomea, akaribishwe asikaribishwe.

Shangazi, mwenye miaka themanini na minne, anafungua mlango, anaitikia shikamoo kwa marahaba kavu, kisha anarudi kwenye cherehani. Hakusema karibu, na mlango hakuufunga. Mama Pamba anavuta kigoda na kuanza.

Anasoma jinsi kampuni ilivyomkata karani mshahara kila pamba ilipokauka ghalani na kupungua uzito, utadhani jua nalo lilikuwa chini ya karani. Anasoma jinsi babu alivyoanza kufidia hasara hiyo kwa goti, kisha akanogewa, akaendelea hata pasipokuwa na hasara. Hata hapo haruki mstari.

Cherehani imenyamaza. Shangazi anaomba kipande cha goti kirudiwe, kinarudiwa.

"Hao wakulima wenyewe hawakuliona?"

"Wengi hawakuliona, Shangazi. Miaka yote hii sijajua kwa nini. Walisimama palepale."

"Walikuwa wananitazama mimi," anasema Shangazi. "Gunia likipandishwa tu, baba ananiambia nikaimbe upande wa pili. Nilikuwa na miaka tisa. Walinipigia makofi, mwanangu. Na mimi nilijua naimbia nini."

Anakichomoa kitambaa kilicho chini ya sindano. Kisha anauliza, kwa ukali, kalamu iko wapi.

"Umeandika goti la baba. Basi andika na sauti yangu, kwa jina langu lote."

Mama Pamba anaandika huku analia, wala hajifichi. Shangazi anamsukumia kipande cha kitambaa ajifute, na kumwonya asichafue karatasi.

Sura ya tano sasa itachelewa, na mchapishaji amekwisha kuambiwa angoje. Wiki ijayo Mama Pamba atarudi kwa familia za wakulima kuisoma upya, maana hiki kilichoongezwa hawajakisikia. Alikusudia kwenda peke yake, lakini Shangazi amesema haendi mtu peke yake, na kama watafukuzwa, basi watarudi pamoja.

Mama Pamba anamtuliza kwamba watatafutiwa mahali pazuri, na yeye atapewa kiti cha mbele.

"Kiti cha nini?" anasema Shangazi. "Baba zao niliwaimbia nimesimama. Na hili nitawaambia nimesimama."