Mtaa Wetu Ulipojitoa kwenye Tanuri

Mwaka huu, siku chache kabla ya Idi, mume wangu aliniuliza shuwa tuagize wapi. Aliuliza huku macho yakiwa kwenye simu, kama mtu anayeagiza maji ya kunywa. Shuwa, rafiki yangu, ni nyama inayopakwa viungo, ikafungwa kwenye vikapu vya majani ya mtende na kufukiwa shimoni juu ya makaa, kutwa kucha, mpaka ilainike. Siku hizi hapa Bawshar, Maskati, unaletewa mlangoni. Nilimwambia aagize popote, nikaenda zangu jikoni, na huko nikamkumbuka bibi yangu na vita vyake vya tanuri.

Tulikaa Al Amerat, nyuma ya milima, zamani barabara ikiwa bado kokoto tupu. Bonde la mawe liliukata mji wetu vipande viwili. Chini walikaa wenyeji wa tangu na tangu, juu tulikaa sisi, nyumba chache za watu waliorudi kutoka Unguja. Waomani kama wao, ila ndani tukisema Kiswahili, na asubuhi nyumba zetu zilinukia mkate wa kumimina. Tanuri, yaani shimo la kuchomea shuwa, lilikuwa moja, kule chini. Kila nyumba ilitoa mchango wa kuni na wa ukumbi wa harusi na misiba, nasi tulitoa bila kukosa. Lakini ikifika Idi, vikapu vya watu wa chini ndivyo vilivyotangulia kushushwa. Vyetu vilipangwa mwisho, juu kabisa, mbali na makaa. Nyama yao ilichambuka kwa vidole. Yetu tuliivuta kwa meno, na wageni wa bibi walitabasamu kwa adabu huku wakitafuta vijiti vya meno.

Mwaka ninaousema, khalati yangu, mdogo wake mama, alikuwa ameolewa karibuni, na wakwe zake walikuwa wanakuja kwetu kula Idi ya kwanza tangu harusi. Bibi hakuwa tayari kuwapa nyama ya kuvuta. Mwaka huohuo, mzee aliyesimamia tanuri akatuongezea mchango, sisi wa juu peke yetu, eti vikapu vyetu vimekuwa vingi. Bibi alijitanda akashuka bondeni, nami nikamfuata nyuma.

"Mie mchango nnatoa, wala sijapatapo kuchelewa," alimwambia. "Basi mwaka huu kikapu changu kikae chini."

Mzee wa tanuri alimjibu kwa upole, kwa Kiarabu, kwamba chini ni pa waliozaliwa pale.

"Na pesa zetu nazo mnaziweka juu?"

Mzee alicheka. Bibi hakucheka. Akasema, "Haya. Sie tunatoka," akageuka, na mimi nikawa nakimbia ili niende naye sawa.

Kutoka maana yake ni hakuna tanuri, hakuna ukumbi, hakuna mabusati ya kutandika mtu akifa. Babu alishika kichwa. Alisema tutazikana wenyewe kwa wenyewe kama kuku. Lakini bibi alikuwa na ulimi, wallahi. Alipita nyumba hadi nyumba, na magharibi ilipoingia, mtaa mzima wa juu ulikuwa umekubali. Kesho yake wanaume wakaanza kuchimba shimo letu kwenye mwamba, watoto tukaokota kuni za mgunga, mikono ikijaa miiba. Nilifurahi mno, niseme kweli. Nilijiona nna nchi yangu.

Tatizo ni kwamba hapakuwa na hata mmoja wetu aliyewahi kuziba tanuri. Siku ya Idi vikapu vilishushwa, mfuniko wa chuma ukawekwa, tope likapakwa pembeni. Haukupita muda tope likakauka kwa joto, likapasuka, moshi ukaanza kutoka. Hewa ikishaingia moto unawaka, na nyama inakuwa mkaa. Ng'ambo ya bonde wanaume walikuwa wametoka nje kuutazama moshi wetu. Mjomba akataka kwenda kumwomba radhi mzee wa tanuri.

"Akenda mtu huko, asirudi kwangu," alisema bibi. Akautazama ule moshi, kisha akauliza, "Hivi sufuria la biriani mie nnaliziba kwa kitu gani?"

Akapandisha mikono ya nguo.

"Leteni unga. Wote."

Ukatolewa unga wa Idi wa nyumba zote. Wanawake wakaukanda, wakauviringisha kama kamba nene, wakaukandamiza kuzunguka mfuniko, wakiungua vidole na kucheka. Juu yake wakatandaza magunia mabichi na tope. Moshi ukakatika. Idi ile hatukula mkate, na sijasikia aliyeulilia.

Kesho yake tulipofukua, ule unga ulikuwa umeiva mgumu mpaka ukavunjwa kwa jembe. Bibi alishika mfupa mmoja, ukatoka mweupe, nyama ikabaki kwenye majani. Wakwe walikula wakaongezwa. Khalati yangu alilia jikoni kwa furaha. Baadaye mzee wa tanuri alipanda kutoa mkono wa Idi. Alikula, akanawa, ndipo akasema mwakani vikapu vyetu vitawekwa chini na mchango utarudi ule wa zamani.

Bibi alimshukuru, akamfungia na nyama ya nyumbani. "Waambie wa huko chini," alisema, "wakitaka kuhamia kwetu, mchango wetu mdogo." Na mwaka uliofuata nyumba mbili zilihamia kweli. Vikapu vyao bibi aliviweka chini.

Sasa bibi hayupo. Pale palipokuwa na tanuri letu pamejengwa gereji, na sisi wajukuu tumetawanyika. Mtaa ninaokaa una kuta ndefu na mageti ya umeme, na miaka yote hii hajagonga mtu kunidai mchango. Nyama tuliyoagiza ilifika, laini, nikala nikashiba. Juzi jirani aliniziba njia kwa gari lake, ikanipanda hasira, nikataka kusema kama bibi kwamba sie tunatoka. Lakini ningetoka wapi? Humu sijawahi kuingia.