Kiuno cha Fundi na Kiti cha Mama

Watu wengine wakinenepa, nguo huwaambia. Suruali inabana, kifungo kinagoma, mtu anajitazama kwenye kioo na kukubali yaishe. Mume wangu nguo hazikuwahi kumwambia kitu, kwa sababu yeye ni fundi cherehani. Suruali ikianza kumbana, anaivua, anafumua mshono wa nyuma, anaachia kidogo ile akiba ya kitambaa ambayo mafundi huikunja ndani, kisha anashona upya. Kazi ya kusubiri chai ichemke. Kesho yake anatembea kifua mbele, suruali imemkaa sawasawa, na ukimwambia amenenepa anakuona mzushi.

Aliendelea hivyo miaka na miaka. Mimi kazi yangu ni kupiga pasi kwa dobi, na nguo za nyumbani nazipiga mwenyewe. Siku moja niligeuza suruali yake ya kijivu nikakuta akiba imekwisha zamani, na pale nyuma ametia kipande cha pembetatu cha kitambaa cha bluu kilichobaki kwenye sare za shule. Alikuwa anakificha kwa kuachia shati nje. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alisema suruali za siku hizi zinakatwa vibaya, nami nikamkumbusha kuwa ile aliikata mwenyewe.

Nisieleweke vibaya. Fundi, kama ninavyomwita hata nyumbani, si mlafi. Ni mtu wa kukaa. Asubuhi anaingia kwenye chumba chake cha kazi, anainamia cherehani, na mpaka jioni kinachotembea ni mikono na nyayo tu. Pembeni kuna soda aliyoletewa na mteja, na mkate wa siagi anaoumega kati ya mshono na mshono. Chakula cha maana anakula usiku, sahani imejaa, halafu anakwenda kulala. Kitambi kikaja polepole, na watu wakakisifu. Walisema mke wake anamtunza, yaani mimi, na nilipokea sifa hizo bila kuzikataa.

Hayo yote yangebaki mzaha kama mama asingevunjika nyonga.

Mama ni mama yake Fundi, mkwe wangu, na tunaishi kwake. Chumba chake ni cha mbele, dirisha linatazama barabara. Kiti chake kiko chini ya dirisha hilo, na hakuna mtu wa mtaa wetu anayepita bila kusalimiwa, kuulizwa anatoka wapi na kuambiwa amekonda. Alipoteleza bafuni akavunjika, akafanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani akiwa hawezi kusimama peke yake. Asubuhi ni lazima ainuliwe kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, jioni arudishwe. Bega langu la kulia limeharibiwa na pasi, halinyanyui kitu kizito. Kwa hiyo kazi ilikuwa ya Fundi.

Siku za mwanzo alijikongoja. Alimkumbatia mama, akamvuta, akamtua kwenye kiti, kisha akasimama mlangoni akihema kana kwamba amekimbizwa. Halafu asubuhi moja, katikati ya kitanda na kiti, pumzi ikamwishia. Nilikimbia kuwashika, nikachelewa. Akashuka taratibu mpaka sakafuni, mama akiwa juu yake.

Mama alijipapasa, akajiona mzima. "Afadhali nimeangukia kwenye godoro," alisema.

Tulicheka sote watatu pale chini. Lakini nilimwona Fundi anafuta macho, na hayakuwa machozi ya kicheko. Ilibidi tumwite seremala wa jirani aje kumwinua mama.

Habari zilimfikia wifi kabla hatujapatana namna ya kuzificha. Wifi ni dada mkubwa wa Fundi, mjane, anaishi mji mwingine kwenye nyumba ya ghorofa. Alipiga simu na hakuuliza kitu. Alisema mvua zikikatika atakuja na gari kumchukua mama, na tumwandalie mizigo yake. Mama alipoambiwa alisema sawa, atakwenda, hataki kumuua mwanawe. Kisha akageukia dirisha, na siku ile watu wakapita bila kuulizwa kitu.

Nilikasirika, nasema wazi. Nilimkasirikia wifi kwa kutoa amri kama mkuu wa shule, nikamkasirikia Fundi kwa kitambi chake, nikalikasirikia na bega langu. Mama ameishi chumba kile tangu alipoolewa. Huko kwa wifi hamjui mtu, na kutoka ghorofani kushuka chini kupata jua ni safari. Sote tulijua kuwa akienda, harudi.

Basi Fundi akaamua kupungua, na akaifanya kwa pupa, kama mtu anayeshona sare za harusi ya kesho. Aliacha kula mchana. Usiku akala matango na maji ya ndimu. Alijifunga nailoni tumboni chini ya shati, akawa anashona huku jasho linamtiririka mpaka kwenye vitambaa vya watu. Mteja mmoja akamuuzia majani ya chai ya kuyeyusha mafuta, ambayo kazi yake ilikuwa moja tu, kumpeleka chooni. Hayo majani niliyamwaga mimi.

Uzito ukashuka kweli. Duka la dawa la mtaa wetu lina mzani mlangoni, na kila akipanda anarudi anatabasamu. Lakini mashavu yakaingia ndani na kitambi kikabaki pale pale. Akawa anakosa tundu la sindano akitia uzi. Akakata koti la mwalimu mmoja, mkono huu mrefu, ule mfupi. Na mama ndiyo kabisa, hakuweza kumtoa hata kitandani. Kila asubuhi tukawa tunamngoja seremala.

Aliyetuokoa ni Dada wa Viungo. Hilo ndilo jina tulilompa mtaalamu wa mazoezi aliyekuwa anatumwa na hospitali kuja kumnyoosha mama mguu. Mwanamke mfupi, hana maneno mengi, mikono yake ina nguvu za ajabu. Siku hiyo alimtazama Fundi akihangaika, akamwuliza anakula nini. Fundi akamweleza yote, na ile nailoni akaitaja kwa fahari.

"Umepungua, ndiyo," alimwambia. "Lakini ukijinyima hivi mwili hauchomi mafuta peke yake. Unatafuna na misuli. Na mama yako utamwinua kwa misuli, hutamwinua kwa wepesi."

Fundi alikaa kwenye ncha ya kitanda. Akauliza afanye nini sasa, na mvua hazichelewi kukatika.

Kwanza Dada wa Viungo alimtuma akapime presha na sukari, kwa sababu mtu wa umri wake hakurupuki. Majibu yakatoka, presha iko juu kidogo, sukari inakaribia mstari wa ugonjwa, daktari akasema mazoezi ni ruhusa lakini aende polepole. Halafu Dada wa Viungo akarudi na kuweka mambo sawa, na mimi nilisimama pale nikisikiliza kwa makini kwa sababu mpishi ni mimi. Asife njaa. Ale mara tatu, na kila mlo uwe na kitu cha kujenga mwili, yai, maharage, samaki, kuku, maziwa, chochote mfuko unachoruhusu. Mboga zijae nusu ya sahani. Wali na viazi vibaki, ila vipungue. Soda na sukari ya chai viondoke, kwani mtu anayekunywa utamu kutwa anakula bila kujua. Alale usingizi wa kutosha, maana misuli hujengeka mtu akiwa amepumzika. Na asitegemee kupungua haraka. Kidogo kidogo kila wiki kinatosha, na kinachoondoka hivyo hakirudi upesi.

Mazoezi aliyompa hayakuwa ya kwenda kununua kitu. Akae kwenye kiti, asimame bila kushika popote, akae tena. Ausukume ukuta kwa mikono, na akishauzoea ashuke kwenye ukingo wa meza ya kukatia. Na majora ya vitambaa, yale aliyozoea kuyavuta sakafuni kwa kamba, sasa ayanyanyue, kwa kukunja magoti na kuweka mgongo wima, akianza na jora jepesi. Siku moja afanye, siku inayofuata apumzike. Jora likishakuwa jepesi mikononi, achukue zito zaidi.

Wateja walimcheka. Mtu anakuja kuchukua gauni, anamkuta fundi amekumbatia jora la kitambaa cha mapazia, anainama na kuinuka nalo. Mmoja alimwuliza kama jora limekubali posa. Fundi akajibu kuwa bado wanazungumza na wazazi. Kwa kuwa alipenda mzaha, mzaha ukamsaidia kuendelea.

Mama naye hakutaka kuachwa. Alipoona mwanawe anapewa mayai, akauliza yeye amekosa nini. Dada wa Viungo akasema hakukosa kitu, tena yeye ndiye anayahitaji zaidi, maana mzee akilala kitandani misuli humkimbia. Basi wakawa wanafanya wote. Fundi anakaa na kusimama, mama akiwa kitandani anasukuma nyayo kwenye ubao, na kila mmoja anamtuhumu mwenzake kwa uvivu. Nyumba ikapata kelele tena.

Halafu mzani ukagoma. Mwanzoni Fundi aliporudia kula uzito ulipanda kidogo, tukavumilia. Ukashuka kidogo, kisha ukasimama. Kila akienda pale duka la dawa, namba ni ile ile, na mwishoni ikaongezeka. Siku hiyo alirudi amenuna, akasema anarudi kwenye maji ya ndimu. Mvua zilikuwa zimeanza kupungua, na wifi alikuwa ameshapatana na mwenye gari.

Nilimwambia asimame wima. Nikavua futi shingoni mwake, lile analopimia watu kutwa, nikamzungushia kiunoni. Mtu huyu amepima viuno vya mtaa mzima, cha kwake hakukipima tangu koti la ndoa yetu. Nilikuwa nimeshapima kiuno cha ile suruali ya kijivu nilipoipiga pasi. Futi likaonyesha kiuno chake ni kidogo kuliko suruali kwa upana wa vidole vinne. Nikampima paja na mkono, vyote vimeongezeka.

Alininyang'anya futi akajipima upya mwenyewe, kwa sababu haamini kipimo cha mtu asiye fundi. Kisha akakaa akilitazama. Alielewa haraka kuliko mimi. Mafuta yalikuwa yanatoka, misuli inaingia, na mzani hauna macho ya kuona kipi ni kipi. Usiku huo nilisikia cherehani. Alikuwa anakitoa kile kipande cha bluu, na nilijisikia mwepesi kuliko yeye.

Kutoka hapo tulifundishwa kuinua vizuri. Tulikuwa tumekosea tangu mwanzo, tukimbeba mama kama mzigo. Dada wa Viungo alituonyesha kuwa kiti kisogezwe karibu na kitanda, mama akae ukingoni, nyayo zake zikanyage chini, na asimame yeye, mwanawe akimsaidia. Kila asubuhi mama alibeba zaidi kidogo uzito wake mwenyewe. Seremala akaja siku moja akakuta hana kazi, akanywa chai akaondoka.

Wifi alifika jua lilipoanza kuwaka. Aliingia na kiti cha magurudumu kilichokunjwa, dereva akiwa nje, na uso wa mtu aliyejiandaa kugombana. Mizigo ya mama haikuwa imefungwa. Kabla hajasema neno, Fundi alimsalimia, akamwomba akae tu kwanza aone.

Mama alikuwa kitandani. Fundi akasogeza kiti, akatanua miguu, akakunja magoti. Mama akaweka mikono mabegani kwake.

"Tayari, mama?"

"Mimi tangu alfajiri niko tayari. Nakungoja wewe."

Wakainuka. Walisimama pale wawili, mama amenyooka, kisha wakageuka pole pole mpaka mama akakaa kwenye kiti chake. Fundi hakuwa anahema. Akamwuliza dada yake kama atakunywa chai.

Wifi aliweka chini kile kiti cha magurudumu. Alikaa kwenye kitanda cha mama, akajifunika uso kwa mtandio, akalia. Nilidhani tumemuudhi. Fundi akachuchumaa mbele yake, akamwuliza kulikoni.

"Nilikuwa naomba Mungu mkatae," alisema. "Zile ngazi zangu, ningempandishaje? Na mgongo wangu huu hata ndoo siinui. Nilisema namchukua kwa sababu niliona hapa ataanguka tena, na mimi ndiye mkubwa wenu. Silali tangu siku ile."

Hasira yangu yote juu yake iliniishia pale pale. Nilikwenda kumwambia dereva aondoke, na niliporudi wifi alikuwa amenyamaza, anaitazama mikono yake.

"Na mimi," alimwambia Fundi kwa sauti ndogo, "nikifika umri wa mama, nani ataniinua?"

Fundi alitoka, akarudi na kiti kutoka chumba cha kazi, akakiweka katikati ya chumba. Akamwambia akae, kisha asimame bila kushika kitu. Wifi alijaribu akarudi chini, akajaribu tena. Barabarani watu walikuwa wanapita wakisalimia, lakini mama hakuwajibu. Alikuwa anamtazama binti yake.