Jani la Isale kwa Kosa la Tofi

Mimi ni mtu wa kelele. Nalisema mapema msije mkadanganyika kama alivyodanganyika mchumba wangu. Nikicheka nyumbani kwetu Elerai, jirani wa nyuma huuliza kulikoni. Ila nikishatoka nje ya geti nageuka mtawa. Nacheka kwa pua, midomo nimeibana, na kichekesho kikizidi najifanya nakohoa.

Sababu ni meno. Kwanza ni ya kahawia, kama ya wengi tuliokunywa maji ya huku chini ya Mlima Meru tangu utotoni. Hilo nimelizoea, nusu ya mji tunafanana. Lakini tena yamepandana. Moja limetoka mbele kuangalia kama mvua inakuja, jingine limegeukia shavuni kama limesusa. Rangi nasingizia maji. Huko kupandana nitamsingizia nani?

Mchumba wangu ni Mmeru, anauza mabati Sombetini, na mdomo wake hauna breki. Huyo mtu anaweza kuchekesha msiba. Na katika wanawake wote wa Arusha akanichagua mimi kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe alipokuja kujitambulisha kwetu, "Mama, binti yako ametulia, hana makeke." Mama yangu alipaliwa na chai. Nilimpiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, asije akafungua mdomo.

Tangu siku hiyo nikawa naishi kwa wasiwasi. Mtu anakwenda kuoa mwanamke mtulivu ambaye hayupo. Siku akinisikia nacheka kikwelikweli, na meno haya nje, si atadai arudishiwe ng'ombe wake? Nikaamua, karibu na umri wa miaka thelathini, kufunga vyuma vya meno. Mpango wangu ulikuwa mmoja tu: vitoke kabla ya sendofu, ile sherehe ya kwetu ya kuniaga, ili siku hiyo nicheke mbele yake mdomo wazi, hata mara moja. Nilitaka anioe akiwa ameshanisikia.

Daktari wa meno alikuwa mzee wa Kichaga, mkali, miwani puani, mtu wa kusali. Alinibandika vibati vidogo, kimoja kwa kila jino, akapitisha waya juu yake, kisha akanisomea sheria. Tofi marufuku. Bigijii marufuku. Kashata, muwa, mahindi ya kuchoma, vyote marufuku. "Kila kibati kinachong'oka kinarudisha kazi nyuma," alisema. "Ukitaka vitoke mapema, funga mdomo." Nikamwambia kufunga mdomo ndiyo fani yangu.

Mchumba aliponiona akaruka. "Bibie, umeezeka mpaka mdomo? Ungeniambia mapema nikupe bei ya jumla!" Nilibana midomo mpaka ule waya ukanichoma. Machozi yakanitoka. Yeye akafikiri nimekasirika, akaomba radhi.

Tatizo langu jingine ni kazi. Nina steshenari ndogo, natoa fotokopi na kupiga picha za paspoti. Kazi inanifaa kweli, kutwa nzima nawaamuru watu wasicheke. Lakini kila mwenye duka anajua shida ya chenji. Sarafu hazionekani, kwa hiyo juu ya kaunta lazima uwe na kopo la pipi. Mteja akidai baki yake unamchotea tofi mbili, au bigijii, mnaachana kwa amani. Sasa wewe fikiria, umemweka fisi kulinda bucha, halafu fisi mwenyewe amevaa vyuma.

Siku za mwanzo nilijikaza. Kisha mteja mmoja akazikataa tofi zake, akaziacha pale kaunta, na mimi nikasema si vizuri chakula kitupwe. Nilipanga kumung'unya moja tu. Lakini tofi haimung'unywi, jamani, tofi inakwenda na wewe mpaka meno yanakutana yenyewe. Ilikamata, nikavuta, nikasikia kitu kimesema tik. Kibati kikabaki kinaning'inia kwenye waya.

"Umekula nini?" daktari akauliza.

"Ugali."

Akainama, akanusa. "Ugali wa siku hizi unanukia chokoleti?"

Alikibandika. Akasema hapo sendofu imeanza kutukimbia, nijiangalie. Nikaapa. Sikio la kufa halisikii dawa, na la kwangu lilikuwa limeshaoza.

Bigijii ilinikuta Jumamosi, siku ambayo shangazi zake mchumba walikuwa wanateremka kutoka mlimani kuja kunitazama. Nilikuwa na woga, na mimi nikiwa na woga lazima nitafune kitu. Nikajiambia bigijii ni laini, itafanya nini? Ilijitandaza kwenye waya wote wa juu, ikaingia nyuma ya vibati, ikakaa. Nikaweka barafu. Nikasukutua mafuta ya alizeti. Nikachokoa kwa pini, nikajichoma ufizi. Geti likagongwa mimi bado niko mbele ya kioo, mdomoni kama nimepakwa simenti.

Shangazi watatu, wamekaa kwenye kochi, wananiuliza maswali. Unafanya kazi gani, mwanangu? "Mh." Kwenu ni Machame au Marangu? Nikaonyesha kwa mkono upande wa Machame. Unampenda kijana wetu? Nikainamisha kichwa. Mama yangu alikuwa ananikodolea macho kama mtu anayeona mzuka. Nilipowamiminia chai nilipiga goti, kwa sababu ukipiga goti hakuna anayekuangalia usoni.

Wakarudi kwao wakinisifia barabara nzima. Mtoto ana adabu yule, hana maneno. Mchumba alinipigia simu kunieleza, lakini sauti yake haikuwa na furaha niliyoitegemea. "Wamekupenda sana," alisema. "Wanasema umetulia mno." Nikaguna tu, maana bigijii ilikuwa bado haijatoka. Akasema haya, usiku mwema. Sikuwaza zaidi ya hapo. Nilikuwa na pini mkononi.

Kilichonimaliza ni kashata ya karanga. Sina la kujitetea, niliinunua mwenyewe, nikaila nimesimama, na vibati viwili vikatoka kwa mkupuo. Daktari hakupandisha hata sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. "Binti, nina wagonjwa wanaotaka kupona," alisema. "Wewe hutaki. Njoo wiki ijayo nivitoe vyote, ubaki na meno yako."

Nililia njia nzima. Nilipofika nyumbani nikamwambia mama, yuko jikoni anachagua maharage, na mama yangu hajawahi kumhurumia mlafi. "Si ni Mchaga mwenzetu?" alisema bila kuinua kichwa. "Mpelekee isale."

Kwa asiyejua, isale ni jani refu la kijani ambalo kwetu Uchagani hupandwa mipakani mwa mashamba. Mtu aliyekukosea akija nalo mkononi kukuomba msamaha, huna ruhusa ya kumkataa. Watu waliokatana mapanga kwa ajili ya mpaka wamepatanishwa nalo. Isale ni kwa mambo ya damu. Mama alikuwa ananikejeli, na mtu yeyote mwenye akili angejua. Mimi nikasikia ushauri.

Tatizo nimezaliwa Arusha. Uchagani naenda Krismasi, nakula nyama, nalala, narudi. Isale nililijua kama unavyomjua ndugu wa mbali, unampungia mkono lakini ukiambiwa umtaje huwezi. Siku ya kwenda kwa daktari nikapita kwa rafiki yangu anayekaa Olasiti, nikaona kwenye bustani yake pembeni ya ukuta jani refu, kijani, limesimama vizuri. Nikasema ndilo hilo. Nikalikata, nikalifunga kwenye kitambaa cheupe cha kufunikia vyombo. Kwa sababu nilisikia isale halipelekwi na mtu peke yake, nikampigia mchumba anisindikize. Yeye alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kutoka kwao, amebeba dumu la maziwa ambalo mama yake alimtuma amletee mama yangu. Akaja na pikapu yake ya mabati. Njiani hakutania hata mara moja, na mimi nikafikiri anaheshimu mila.

Tuliingia. "Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Kaa, nivitoe."

Sikukaa. Nilipiga goti kwenye vigae, nikafungua kitambaa, nikanyoosha jani kwa mikono miwili, kichwa chini. Nikasema nimekosa, nimekula tofi, nimekula bigijii, nimekula kashata, nimedanganya kuhusu ugali, naomba kwa isale hili usinitoe vyuma. Nilikuwa naona sendofu nzima inapita nimebana midomo, na baada ya sendofu ndoa, na baada ya ndoa maisha.

Daktari akalipokea jani kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Akaligeuza. Akalivunja kidogo kwenye ncha, akalinusa.

"Binti," alisema. "Hii ni tangawizi."

Nikabaki nimepiga goti.

"Umenikosea kwa sukari," akaendelea, bado hajacheka, "umekuja kunisihi kwa tangawizi. Sasa kilichobaki hapa ni chai."

Na nyuma yangu, mlangoni, nikasikia sauti ya mchumba, ya upole kabisa, "Daktari, maziwa ninayo kwenye gari."

Loo! Sijui kilitokea nini. Kicheko kilitoka tumboni kikapita pale pote nilipozoea kukizuia. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Nilikoroma. Mate yalinitoka. Vile vibati viwili vilivyong'oka vilikuwa vinaning'inia kwenye waya vinagongana, na nilivisikia, na bado nikacheka. Mgonjwa aliyekuwa anasubiri nje alichungulia. Kila nilipotaka kunyamaza nililiona lile jani la tangawizi mikononi mwa yule mzee, naanza upya.

Daktari akavaa glavu. "Usifunge," aliniambia, "hivyohivyo, leo ndiyo mara ya kwanza naona mpaka magego." Akanipandisha kwenye kiti, akavibandika vibati. Alisema amenisamehe, aliyepiga goti amepiga goti, isale lenyewe nitalileta kwa wakati wake. Lakini kuvitoa kabla ya sendofu tusahau, nitaagwa na vyuma vyangu. Nikamwambia sawa. Wala sikuumia kama nilivyotarajia, labda kwa sababu taya zilikuwa zimechoka.

Aibu ilinikuta tulipotoka nje. Nilikaa kwenye pikapu nikijua mambo yameisha. Ameniona. Ameona kila kitu, rangi, waya, mate, na ile sauti. Nikafungua mkoba kutafuta leso ili tu nisimtazame.

Hakuwasha gari. Alishika usukani, anatazama mbele, mlima ulikuwa umejifunika mawingu na hakukuwa na cha kutazama.

"Ndivyo unavyocheka?" aliuliza.

Nikasema ndiyo. Nikaanza kujieleza, kwamba ni meno, kwamba nilitaka yanyooke kwanza, kwamba nilipanga asikie siku ya sendofu nikiwa nimependeza.

Akageuka. Huyu mtu wa mizaha macho yake yalikuwa mekundu. "Tangu nikujue nakutania, unaangalia pembeni," alisema. "Nikikuchekesha unakohoa. Shangazi wanarudi wananiambia umetulia, na mimi najiuliza umetulia au umelazimishwa. Juzi nilimwambia mama yangu asimamishe michango ya harusi kwanza, nikuulize vizuri kama unanitaka."

Nililia palepale, mdomo wazi, meno yote nje.

"Leo nilikuja kukuuliza," alisema, akawasha gari. "Umeshanijibu."